Daktari Amesema Basi, Nami Nina Miaka 25

Maswali ya wasomaji. Anayejibu ni fizio ambaye amefanya kazi kando ya viwanja vya raga Nairobi tangu 1999. Wachezaji wanamwita Mama Fizio.

SWALI

Mama Fizio,

Salamu kutoka Kangemi. Mimi ni winga, nina miaka 25, na nimekuwa katika klabu moja hapa Nairobi tangu nitoke shule. Raga iliniingia Jumapili ile ya Aprili 2016, Shujaa, timu ya Kenya ya raga ya wachezaji saba, walipowanyuka Fiji 30-7 kwenye fainali ya Singapore. Nilikuwa likizoni kwa mjomba, tumejazana watu kama ishirini mbele ya televisheni ya kinyozi. Baada ya siku hiyo sikutaka kazi nyingine.

Mwaka 2023 goti la kushoto lilikatika ndani, ile kano ya mbele wanayoiita ACL. Klabu ikalipia upasuaji. Nilirudi uwanjani baada ya miezi saba kwa sababu sakiti, yale mashindano ya mfululizo ya raga ya saba, ilikuwa inaanza, kocha alinihitaji, nami niliogopa nafasi yangu itachukuliwa. Mwaka huu mwezi wa tano, tukiwa mazoezini, hakuna hata mtu aliyenigusa. Nilikanyaga nikate ndani, nikasikia "tak". Daktari anasema kano imekatika tena, na safari hii gegedu pia imechanika. Amesema anaweza kunitengenezea goti la kuishi nalo, lakini si la kuchezea raga.

Kuna mmoja wa wasimamizi anayeniambia nichomwe sindano, nifungwe vizuri, nicheze mashindano mawili yaliyobaki, halafu "tutaona". Mkataba unaisha Desemba. Nalipwa kiasi kidogo kila mwezi pamoja na marupurupu ya mechi. Humo ndimo inamotoka karo ya mdogo wangu na kitu ninachomtumia mama Kakamega. Mama hajui. Nilimwambia niliumia kidogo. Kila Jumapili jioni anapiga simu, anauliza, "Mmecheza?" Namwambia tumecheza. Kabla raga haijawa kazi yangu nilikuwa nasomea umeme katika chuo cha ufundi, nikaacha nikiwa nimebakisha muhula mmoja.

Je, nitafute daktari mwingine? Nicheze hayo mawili? Na mama nimwambie nini?

Winga, Kangemi

JIBU

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama pale pale, kwenye neno "tumecheza". Nitalirudia. Kwanza nimalize habari ya goti, maana Desemba haiko mbali, na hao wanaokutaka uwanjani wana haraka kuliko wewe.

Ndani ya goti kuna kano mbili zilizopishana kama msalaba. Ile ya mbele ndiyo inayoushikilia mfupa wa muundi usichomoke kwenda mbele unapofunga breki au unapokata ndani. Nikitaka kujua kama imekatika, namlaza mchezaji chali, goti limepinda kidogo, mkono wangu mmoja unashika paja na mwingine unashika muundi chini tu ya goti, halafu navuta. Goti zima hufika mahali likagoma. Unaihisi mkononi kabisa, kama mtu anayekwambia hapana. Lililokatika halisemi hapana. Muundi unakuja tu, laini, kama droo iliyopoteza kizuizi chake. Nimefanya hivi kwenye nyasi, kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, mara moja ndani ya basi njiani kutoka Nakuru. Na kila ninapoikosa ile hapana, nikiinua macho namkuta mchezaji ananitazama usoni. Huwa ameshajua.

Kano uliyowekewa 2023 ilitoka mwilini mwako mwenyewe, kwa kawaida nyuma ya paja au mbele ya goti, chini ya kifuniko chake. Jambo ambalo wachezaji wengi hawaambiwi ni kwamba kipande hicho hudhoofika kwanza kabla ya kupata nguvu. Mwili unakimeng'enya na kukijenga upya polepole. Miezi hiyo goti halivimbi, haliumi, unakimbia kama zamani, na kumbe ndani bado ni laini. Watafiti wa Norway walichapisha matokeo mwaka 2016 yakionyesha kwamba, hadi kufikia mwezi wa tisa, kila mwezi ambao mchezaji anasubiri unapunguza hatari ya kuumia tena kwa karibu nusu. Wewe ulirudi ukiwa na miezi saba. Sikulaumu hata kidogo. Ulikuwa kijana mwenye hofu ya kupoteza nafasi. Waliopaswa kukuzuia ni watu wazima waliokuwa na kalenda mkononi, na jambo hili linaniuma kila mwaka, kwa sababu kila mwaka nalitazama likitendeka tena.

Sasa gegedu. Katika kila goti kuna vipande viwili vyenye umbo la mwezi mwandamo, vimekaa kati ya mfupa wa paja na muundi kama mto. Vikichanika sana na kukatwa, mfupa unaanza kuukaribia mfupa mwenzake. Watu husema goti limesagika. Wapo wazee wa miaka sabini ambao magoti yao yamesagika, na hilo ni jambo la umri. Wewe linaweza kukupata kabla ya arobaini na tano.

Kwa hiyo hayo mashindano mawili, usicheze. Sindano itaondoa maumivu, lakini haiwezi kulirudishia goti ile hapana yake. Unaijua siku ya raga ya saba kila upande ilivyo: mechi ya dakika kumi na nne, unapoa, unapasha misuli tena, unaingia tena, mechi tano au sita kwa siku mbili. Winga anakata ndani na nje mara ngapi humo? Na kila mara muundi wako utakuwa unateleza juu ya ile gegedu iliyochanika, nawe husikii chochote kwa sababu umetiwa ganzi. Huyo msimamizi akikwambia tena "tutaona", muulize ataona nini, na ataliona akiwa wapi wewe ukiwa na miaka arobaini.

Daktari mwingine mtafute, ni haki yako na hakuna daktari mzuri atakayekasirika. Lakini asiwe analipwa na klabu. Mpelekee picha zile zile za MRI ulizopigwa, usilipe mpya kama hazina kasoro. Muulize kama gegedu inaweza kushonwa badala ya kukatwa, maana ya kushonwa inakulinda miaka mingi zaidi. Muulize pia kama mtu asiyecheza tena anahitaji kano mpya, au mazoezi ya kuimarisha paja yanatosha. Wapo watu wanaoishi vizuri bila kano hiyo, wanapanda ngazi na kubeba watoto, ila hawawezi kukimbia wakikata kona. Usiende kwake ukitafuta mtu wa kukwambia ucheze. Utampata ukimtafuta, na hilo ndilo linalonitia hofu.

Najua unafikiri kama ungekuwa Ulaya wangekutengeneza. Sam Warburton wa Wales aliwaongoza British and Irish Lions katika ziara mbili, 2013 na 2017. Julai 2018 akastaafu. Alikuwa na miaka 29, amefanyiwa upasuaji wa shingo na wa goti, amejaribu kurudi, mwili ukakataa. Huyo hakukosa daktari wala pesa.

Upande wa karatasi nitasema haraka lakini ulishike. Soma mkataba wako kabla ya wiki hii kwisha, hasa mahali panapotaja bima na matibabu. Kama klabu ina bima ya wachezaji, upasuaji huu uombwe kwa maandishi sasa, wakati mkataba ungali hai. Ikifika Januari utaambiwa wewe si mchezaji wao. Halafu kuna Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ile tunayoiita WIBA. Inamhusu mwajiriwa, inamtaka mwajiri awe na bima, na dai linapaswa kupelekwa ndani ya miezi kumi na miwili tangu siku ya ajali. Kwa ulemavu wa kudumu, hesabu huanzia kwenye mapato ya miezi 96. Kama wewe ni mwajiriwa au la inategemea mkataba unasemaje na unalipwaje, kwa hiyo umwonyeshe wakili, pamoja na taarifa za M-Pesa au benki zinazoonyesha malipo ya kila mwezi. Uliumia mwezi wa tano. Hesabu kuanzia hapo.

Sasa "tumecheza".

Nina kaka aliyenitangulia. Alitoka kwetu Mombasa 1994, akaja Nairobi, akaingia klabu moja ya Ngong Road akawa flanka, yule anayesukuma ubavuni mwa skramu. Duniani raga ya kulipwa iliruhusiwa Agosti 1995, lakini hapa kwetu mchezaji alikuwa anapata nauli, sahani ya chakula, na akibahatika, kazi katika ofisi ya mwanachama wa klabu. Kaka alipata kazi kwa njia hiyo, ukarani. Goti lake lilikatika 1998. Hakupigwa picha yoyote ya maana. Alifungwa bendeji, akawekewa barafu, akaambiwa apumzike wiki sita. Akarudi, likamaliziwa lililobaki. Na ile kazi, kwa kuwa ilikuja na raga, iliondoka na raga.

Mzee wetu alikuwa akisema barazani kwamba mwanawe anachezea Nairobi. Kaka hakuweza kumnyang'anya maneno hayo. Mwaka mzima na zaidi aliendelea kutuma "pesa za raga" kila mwezi, na kumbe anakopa kwa marafiki, kwa mwenye duka, hata kwangu mimi niliyekuwa mwanafunzi wa ufizio. Tulikuwa tunakaa chumba kimoja Pangani. Kila Ijumaa usiku alikuwa anatoa njumu zake chini ya kitanda, anafungua vile vyuma vya soli kimoja kimoja kwa koleo, anavipangusa na mafuta, anavirudisha. Havikuwa na tope. Alisema anazuia kutu.

Idd ya Januari 2000 tukaenda nyumbani. Nyumba yetu ina ngazi za mawe, nyembamba, zenye giza hata mchana. Kupanda alipanda vizuri, na usiku ule hakuna aliyegundua kitu. Asubuhi, wakati wa kwenda kuswali, mzee alikuwa amesimama chini mlangoni na kanzu yake nyeupe, akamwona kaka anavyoshuka. Kiganja ukutani. Mguu mbovu unatangulia, mzima unaufuata kwenye ngazi ile ile, anasimama, anaanza tena. Ngazi kumi na nne. Mimi nilikuwa nyuma yake na sikuweza kumshika mkono, kwa sababu ningemshika mzee angejua kwamba nami nilijua.

Mzee hakuuliza habari ya goti. Aliuliza, "Zile pesa ulikuwa unazitoa wapi?"

Kaka akakaa pale pale kwenye ngazi akalia, watu wanapita nje kwenda msikitini. Madeni tuliyamaliza 2003, na sehemu yake ilitoka kwenye kiinua mgongo cha mzee cha bandarini. Pesa alizokuwa akitumiwa akidhani zinamsaidia, alizilipa yeye mwenyewe mwishoni.

Kwa hiyo nikisoma kwamba mama anauliza kila Jumapili nawe unamjibu tumecheza, sifikirii kwanza uchungu wake. Nafikiria hesabu zake. Mama yako anapanga mwaka kwa pesa ambazo hajui zinakwisha Desemba. Labda ameingia chama akitegemea unachotuma. Labda ameshamwahidi fundi kwamba bati litanunuliwa baada ya Krismasi. Kila Jumapili unayonyamaza anaahidi kitu kingine. Ungemwambia leo, bado ana miezi ya kujipanga, na wakulima wa huko kwenu wanajua kujipanga kuliko sisi wa Nairobi.

Usimwambie kwa simu. Mabasi ya Kakamega yanapita hapo hapo kwenu kwenye Waiyaki Way. Omba kiti cha upande wa dereva, kile kinachopakana na njia ya katikati, ili mguu wa kushoto upate pa kunyooka. Mkifika Nakuru shuka, tembea dakika kumi. Ukifika nyumbani usianze na stori ndefu za Singapore. Mwambie: "Mama, goti limekatika mara ya pili. Daktari amesema nisicheze tena. Karo ya muhula huu ninayo, ya muhula ujao sina." Kisha nyamaza. Atakachosema hakitakuwa kile unachokiogopa usiku. Wazazi wetu huuliza jambo ambalo hukulitazamia kabisa. Na mdogo wako awepo. Yeye ndiye mwenye karo hiyo, na ni afadhali alisikie kwako kuliko kurudishwa nyumbani getini. Mkitoka hapo, mmoja wenu aende kwa mhasibu wa shule kabla deni halijaanza, mtu akija mapema husikilizwa.

Kuhusu kazi nina maoni yangu na hutayapenda. Watu watakwambia uwe kocha mara moja, au refa. Mafunzo yapo, hata World Rugby wana ya mtandaoni yasiyo na malipo, na naona kabisa siku moja utafaa. Lakini si mwaka huu. Nimewaona wengi wanaobaki kando ya uwanja miezi ile ya kwanza, wanabeba maji, wanapanga koni, na kila mechi ikianza misuli ya paja inawacheza wenyewe wakiwa wamesimama. Siku winga mmoja akiumia, wanaomba jezi. Umebakisha muhula mmoja wa umeme. Rudi uumalize. Nenda chuoni uulize wiki hii kama alama zako za zamani bado zinahesabiwa na mtihani utafanyika lini. HELB, ile bodi ya mikopo ya elimu, inawakopesha wanafunzi wa vyuo vya ufundi pia, na ukimaliza unaweza kuomba leseni ya fundi umeme kutoka EPRA, mamlaka ya nishati. Kazi ya umeme ina ngazi za kupanda, ndiyo, na kwa sababu hiyo nataka ulitengeneze hilo paja.

Chukua tepu ya fundi cherehani. Kaa kitandani miguu imenyooka, pima sentimita kumi kutoka ukingo wa juu wa kifuniko cha goti, weka alama ya kalamu, kisha zungushia tepu hapo. Fanya mguu wa pili pia. Utashtuka. Paja la kushoto litakuwa limepungua, na ukiligusa ni laini. Mwezi mmoja au miwili tu inatosha kulifanya hivyo. Andika tarehe na namba kwenye daftari. Mazoezi atakupa fizio, iwe utapasuliwa au la, na utayafanya bila kocha, bila saa ya mechi, bila mtu wa kukupigia makofi. Pima kila Jumapili jioni. Mama akipiga simu mpe hiyo namba. Atauliza maana yake nini, nawe utamweleza.

Kaka yangu sasa ana duka la vifaa vya ujenzi. Bado anashuka ngazi vile vile. Nimemwomba ruhusa ya kuandika haya, akanijibu niandike, ila niseme pia kwamba alikuwa flanka mzuri. Alikuwa.

SWALI

Dada, hujambo?

Mwanangu yuko kidato cha tatu na anachezea raga shule yake. Jumatano aligongana kichwa na mwenzake, akalala chini, wanasema kama nusu dakika hakuitika. Akainuka akamaliza mechi. Tangu hapo kichwa kinamuuma, hataki taa, na jana aliniuliza jambo lile lile mara mbili. Jumamosi wana fainali. Mwalimu wa michezo anasema yuko sawa, na kijana mwenyewe analia kwamba nikimzuia nitamwaibisha. Nimempa panadol. Inatosha?

Mama, Buruburu

JIBU

Dada yangu, wewe nilikupigia simu siku ile ile barua ilipofika, kwa sababu jambo hili halingoji gazeti. Naliandika hapa kwa ajili ya wazazi wengine.

Panadol haitoshi, na Jumamosi hachezi. Mtu aliyepoteza fahamu, hata kwa sekunde chache, ubongo wake umetikisika. Alipaswa kutolewa uwanjani dakika ile na asirudi siku hiyo. Hiyo ndiyo kanuni ya raga ya dunia nzima, kuanzia kwa watoto. Zile dakika 12 mnazoona kwenye televisheni, mchezaji anatolewa akapimwe kisha anarudi, ni za mechi kubwa zenye daktari na video. Shuleni hakuna hayo, kwa hiyo ukishuku tu, ametoka. Kurudi kwenye mechi ni baada ya wiki tatu kwa uchache, tena iwe dalili zote zimekwisha na daktari amemwona.

Kwa kijana hatari ni kubwa zaidi kuliko kwa mtu mzima. Akigongwa tena kabla ubongo haujapona, unaweza kuvimba ghafla ndani ya fuvu, na hilo limeua wanafunzi. Akitapika, akiwa mzito kuamka, maumivu yakizidi, shingo ikiuma, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, au akitetemeka mwili, usingoje asubuhi. Mkimbize hospitali.

Kwa kijana anayesema utamwaibisha, nilimtajia watu wawili. Pat Lambie wa Afrika Kusini aliacha raga Januari 2019, miaka 28, kwa sababu ya kugongwa kichwa mara kwa mara. Na Steve Thompson alikuwa huka, yule wa katikati ya mstari wa mbele wa skramu, wa Uingereza walipotwaa Kombe la Dunia 2003. Mwaka 2020, akiwa na miaka 42 na amekutwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, alisema hakumbuki kushinda kombe hilo. Kijana alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akaniuliza, "Kabisa?" Nikamwambia kabisa.

Mwalimu wa michezo nilimwomba mama azungumze naye akiwa na barua ya daktari mkononi, bila ugomvi. Sidhani ni mtu mbaya. Alimwona kijana anatembea, akaridhika. Lakini goti lililovunjika linachechemea, kila mtu analiona, na ubongo uliotikisika unaweza kutembea wima hadi darasani.

Jumamosi walibaki nyumbani, pazia limefungwa. Timu ilishindwa kwa pointi mbili. Kichwa kiliacha kumuuma siku ya tisa, na sasa anatembea haraka jioni mtaani, bila mpira, akingoja miadi ya daktari. Bado amemnunia mama yake. Nimemwambia mama asimbembeleze, amwekee chakula mezani, amwache anune.